Mtoto wa Ufipa Ajua Kueleza. Nani Atamfundisha Kuandika?

Kila juma meza ya mhariri hupokea barua nyingi kutoka mikoani, na nyingi kati ya hizo ni za malalamiko. Hilo si baya. Chama kisichosikia malalamiko ya wakulima na wafanyakazi ni chama kilicholala. Lakini yako malalamiko ambayo hata mwenye masikio mazima hawezi kuyasikia, maana hayakuelezwa. Mojawapo lilitufikia mwaka jana kutoka kijiji kimoja cha uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Barua ilikuwa ya kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekaa darasani miaka saba bila ya kuchezea wakati. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na pongezi. Ukurasa wa pili ulisema ya kuwa mkulima ndiye uti wa mgongo wa taifa, na ya kuwa katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia haifai mkulima anyonywe. Ukurasa wa tatu ulisema ya kuwa wananchi wanaonewa mno kwa lumbesa, ya kuwa wamechoka, na ya kuwa Serikali iingilie kati mara moja. Kisha sahihi.

Tuliisoma mara mbili. Lumbesa twaijua: ni gunia lililojazwa kupita kipimo, likatiwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini barua ile haikutuambia ni zao gani, ni gulio gani, ni nani ajazaye, ni debe ngapi zinazozidi, wala ni lini. Lau tungeipeleka kwa afisa wa Wakala wa Vipimo, angetuuliza maswali hayo hayo, nasi tungenyamaza. Barua ikawekwa kando. Haki ya mtu ikalala ndani ya mtoto wa meza kwa kukosekana aya moja tu.

Miezi michache baadaye safari ya kazi ilinipeleka Sumbawanga. Siku hizi safari hiyo si adha kama zamani. Kutoka Tunduma mtu hupanda uwandani kwa barabara ya lami, na upepo wa baridi humpokea kabla ya kufika. Nilimtafuta mwandishi wa barua ile, naye akaja sokoni siku ya pili, mtu wa makamo, mpole, amevaa koti zito. Nikamwomba anieleze habari ya lumbesa kana kwamba mimi sijapata kuona gunia maishani mwangu. Akaokota kijiti, akachora mavumbini barabara, gari, na mahali magunia yanapopangwa.

“Mnunuzi huja na magunia yake mwenyewe,” akasema. “Sisi hapa twahesabu gunia la mahindi kuwa debe sita. Yeye hujaza sita, kisha hutia la saba juu, akalishonea kilemba. Bei ni ya gunia moja. Sasa hesabu, ndugu yangu: nikimwuzia magunia sita nimempa debe sita za bure, yaani gunia zima limekwenda na sikulipwa hata senti. Nami siwezi kukataa, kwa sababu gari ni lake, mzani hakuna, na deni la mbolea lanisubiri.”

Dakika tatu hazikupita. Mambo yote niliyoyakosa katika kurasa tatu niliyapata kwa mpangilio, jambo kwa sababu yake, na hesabu yenyewe ikafuata mwisho kama msumari. Nikamwuliza kwa nini hakuandika hivyo. Akanitazama kwa mshangao.

“Kumbe hayo nayo huandikwa?”

Jibu hilo lilinifuata njia nzima ya kurudi, na ndilo lililonitia kuandika makala haya. Mtu huyu aliamini ya kuwa karatasi ina lugha yake, na lugha hiyo ni ya uti wa mgongo wa taifa na ya ulimwengu wa sayansi na teknolojia. Lakini debe la saba, ambalo ndilo jambo lenyewe, alilihesabu kuwa ni maneno ya sokoni yasiyostahili wino. Hakuzaliwa na imani hiyo. Alifundishwa. Na sisi wenyewe wa magazeti tuna sehemu yetu ya lawama, maana maneno yale makubwa hakuyaokota barabarani. Mengine aliyasoma kwetu.

Yafaa kwanza tuiangalie nchi anayotoka, kwa kuwa wako wanaodhani ya kuwa mtoto wa kijijini hana la kueleza. Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, nchi ya nyasi zaidi kuliko miti. Jirani zetu Wabemba wa Zambia hukata matawi ya miti, wakayachoma, wakapanda ulezi katika majivu. Kilimo hicho huitwa chitemene. Mfipa wa uwandani hana miti ya kutosha kufanya hivyo, na kwa hiyo wazee wake waligundua njia nyingine, nayo ni ile ya intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, udongo ungali laini, mkulima huupindua pamoja na majani yake, akaukusanya katika matuta ya mviringo, majani yakiwa ndani na udongo nje. Ndani ya tuta majani huoza yakawa mbolea. Juu yake yaweza kupandwa maharage. Mvua za msimu unaofuata zikianza, matuta hutawanywa na shamba likapandwa ulezi. Elimu hii ni ya kilimo na ya udongo, na ina sababu kwa kila hatua.

Tena Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma mashuhuri. Tanuru lao, ilungu, na yakiwa mengi malungu, lilikuwa refu kupita urefu wa mtu, na chini lilikuwa na matundu mengi. Lilijengwa hivyo ili hewa ijivute yenyewe kutoka chini kwenda juu, pasipo mtu wa kuvuta mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kwa hiyo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea, lakini mabaki ya malungu yangali yakionekana porini.

Nani aliyaandika hayo? Askofu Adolphe Lechaptois, aliyekaa Karema, alitoa kitabu kwa Kifaransa mwaka 1913 juu ya watu wa pwani za Tanganyika. Mwingereza R. C. H. Greig alichapa makala juu ya chuma cha Wafipa mwaka 1937. Mwingereza mwingine, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika juu ya nchi hiyo vitabu kadhaa, na kimoja, cha mwaka 1978, ni cha hadithi na masimulizi ya Wafipa. Baada ya Uhuru walikuja wataalamu wetu wenyewe, kama J. A. R. Wembah-Rashid, na baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda, ambaye alichimba na kuyapambanua matanuru ya nchi hiyo ya zamani na ya karibuni. Wote hao twawashukuru. Lakini mtu asisahau ya kuwa kabla ya mgeni kuandika, alikuwako mzee wa Kifipa aliyeketi naye akamweleza, na kama mzee yule asingalijua kueleza, mgeni asingaliandika kitu. Ufundi wa maelezo umo katika nchi. Umo katika kinywa cha bibi anayemfundisha mjukuu wake kupika pombe ya ulezi, na katika kinywa cha kijana anayetengeneza baiskeli kando ya barabara ya Laela. Unapotea njiani, kati ya kinywa na daftari.

Tuingie darasani basi. Mwalimu aandika ubaoni: “Andika insha juu ya faida za kilimo.” Mtoto, ambaye asubuhi ile alikuwa shambani, haandiki juu ya shamba lile. Anaandika ya kuwa kilimo ni muhimu sana katika maisha ya binadamu, ya kuwa kina faida nyingi, ya kuwa faida hizo ni kama zifuatazo. Kisha anataja chakula, fedha na ajira, na kumalizia kwa hivyo basi hatuna budi kukithamini kilimo. Insha hiyo yaweza kuandikwa na mtoto wa Kariakoo ambaye hajapata kushika jembe. Badilisha neno kilimo uweke neno maji, au elimu, au michezo, nayo itasimama vile vile. Mtoto hupewa alama kumi na tano kati ya ishirini, na kosa lililosahihishwa kwa wino mwekundu ni herufi kubwa. Mwaliko wa kusema uongo mtupu kwa maandishi safi ndio huo.

Walimu wasilaumiwe peke yao. Mtihani una sauti kubwa kuliko muhtasari wa masomo, na mwalimu husikiliza mtihani. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, sehemu iliyoitwa utungaji ilimpa mtoto sentensi nne zilizovurugwa, naye akatakiwa kuzipanga kwa herufi A hadi D. Kupanga sentensi ni zoezi jema. Humfundisha mtoto ya kuwa jambo lina mwanzo na mwendo. Lakini sentensi zile zilitungwa na mtu mwingine. Mtoto alihitimu somo la utungaji bila ya kutunga. Mwaka 2012 majibu ya mtihani huo yakaanza kusahihishwa kwa mashine, na mashine husoma duara lililotiwa kivuli, haisomi aya. Kisha, tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, watoto waliingia shuleni kwa wingi wa kufurahisha, na madarasa yakajaa. Mwalimu mwenye watoto mia mbele yake hawezi kusahihisha insha mia za kurasa mbili mbili. Huo ni ukweli, wala hautabadilika kwa hotuba.

Basi na asisahihishe insha za kurasa mbili. Afundishe aya moja.

Aya ya maelezo ni kitu kidogo. Huchukua jambo moja tu, humweleza mtu asiyelijua, mpaka alijue. Neno lenye uzito hapa ni hilo la mtu asiyelijua. Mtoto wa shule humwandikia mwalimu, na mwalimu ajua tayari faida za kilimo. Kwa hiyo mtoto haelezi, anamkumbusha tu mkubwa wake mambo ambayo mkubwa ameyachoka. Mtu hawezi kumweleza ajuaye. Hata mimi na wewe tukijaribu, maneno yetu huwa mepesi kama makapi.

Mimi nililipata somo hili kwa aibu. Nilisoma katika shule ya misheni, bwenini, na taa yetu ya kujisomea usiku ilikuwa karabai. Bruda mmoja, mtu wa maneno machache, alitutaka kila mmoja aandike aya ya kueleza jinsi ya kuiwasha. Mimi nilijiona fundi wa lugha. Nikaandika ya kuwa karabai ni taa yenye nuru iliyo kama jua la usiku, nayo huwashwa kwa kutiwa mafuta, kupigwa pampu, na kuwashwa kiberiti. Bruda aliichukua karatasi yangu, akaiweka mezani kando ya taa, akatoka nayo taa uani na sisi nyuma yake. Akatia mafuta. Akapiga pampu. Akawasha kiberiti. Mwali ukaruka juu kupita kichwa chake na moshi mweusi ukamtia masizi nyusi zote mbili. Alizima taa taratibu, akanigeukia, akaniuliza, “Spiriti iko wapi?” Nami nilijua ya kuwa taa ile yapaswa kupashwa moto kwa spiriti kwanza, ili mafuta yageuke mvuke kabla ya kupigwa pampu. Nilikuwa nimeiwasha mara mia. Sikuiandika spiriti kwa sababu nilikuwa nashughulika na jua la usiku.

Kwa muda wa mwaka mzima wenzangu waliniita Spiriti. Lakini tangu siku ile, kila niandikapo, humwona bruda amesimama na kiberiti mkononi, akingoja kufanya kama nilivyoandika.

Mwalimu wa Ufipa aweza kufanya hivyo hivyo, na vifaa anavyo. Tuseme darasa la tano wameambiwa waeleze intumba. Mtoto wa kwanza ataandika kama alivyozoea: “Intumba ni muhimu sana. Intumba zina faida nyingi. Watu hulima intumba ili kupata mazao. Hivyo basi tulime intumba.” Mwalimu asimkaripie wala asimpe maneno mapya. Amwite mbele, amwambie: mimi ni mgeni, natoka Unguja, nina jembe mkononi, nifanye nini? Mtoto atacheka, kisha ataanza kusema, na atasema vizuri. Atasema upindue majani. Mwalimu apindue, majani juu. Darasa zima litapiga kelele ya kuwa sivyo, majani ndani! Mwalimu aulize kwa nini ndani. Hapo ndipo somo lilipo, katika hilo neno kwa nini, maana mtoto aliyekuwa akitaja tu sasa atalazimika kueleza. Majani yakibaki nje hukauka na jua, hayaozi. Na mtu akitawanya tuta kabla hayajaoza? Mmoja atakumbuka shamba la jirani ambapo ulezi ulitoka wa njano. Baada ya robo saa ya kelele hizo, kila mtoto na arudi mahali pake aandike sentensi sita.

Nimepata kuziona aya zilizotoka katika zoezi la namna hii. Hazina mapambo. Moja ilisema, kwa ufupi, ya kuwa shamba lao halina miti, kwa hiyo majani ndiyo mbolea yao. Ya kuwa baba hupindua na mama hukusanya. Ya kuwa majani hufunikwa kabisa kwa sababu yakichungulia nje hukauka. Na ya kuwa wao hungoja mvua mpya kabla ya kutawanya, maana mwaka mmoja waliharakisha wakapata ulezi dhaifu. Sentensi ya mwisho ilikuwa na makosa mawili ya sarufi. Mimi ningempa mtoto yule alama zote, kisha ningemrekebisha sarufi, kwa mpangilio huo na si kinyume chake. Sarufi hutengenezwa juu ya jambo lililokwisha kusemwa. Pasipo jambo, unapiga rangi ukuta usiojengwa.

Wako watakaouliza kama watoto hawatachoka kumwigizia mwalimu ugeni. Watachoka, na haki yao. Ndiyo maana naona afadhali wapewe msomaji asiyejua kwa kweli, na mkoa wa Rukwa umebarikiwa kwa jambo hili kuliko mikoa mingi. Mtoto wa uwandani huishi kwenye baridi, kati ya mahindi, maharage na ulezi. Teremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkali unaoanguka hadi bondeni, na katika Muze utamkuta mtoto wa joto na mpunga, karibu na Ziwa Rukwa lisilo na mto wa kutokea. Geuka upande wa magharibi, ushuke hadi Kasanga au Kirando, na huko yuko mtoto wa Ziwa Tanganyika, ambaye baba yake huvua dagaa usiku kwa taa. Watoto hawa watatu ni wa mkoa mmoja na huenda hawajapata kuonana. Waandikiane. Shule ya uwandani ipeleke aya arobaini za intumba kwenye shule ya ziwani, nayo ipokee aya arobaini za uvuvi. Gari la abiria huenda, na bahasha moja haina uzito.

Kisha yafuate maswali, na hapa ndipo utamu ulipo. Mtoto wa Kasanga ataandika ya kuwa siku za mwezi mpevu hawaendi kuvua, akaishia hapo, kwa kuwa kwao kila mtu ajua sababu. Mtoto wa uwandani hajui. Atauliza: mbona mwezi mpevu ndiyo mwanga, na ninyi hutafuta mwanga? Yule wa Kasanga atalazimika kufikiri na kuandika tena ya kuwa dagaa hufuata taa kwa sababu pande zote ni giza; mwezi ukijaa mwanga umo kila mahali, na taa haina tena nguvu ya kuwakusanya. Hakuna mwalimu ambaye angaliweza kumtoa sentensi ile kwa fimbo. Imetolewa na mtoto mwenzake asiyejua.

Kazi hii yahitaji wakati, na najua ya kuwa wakati wa shule unapungua. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeelekeza shule ya msingi iwe ya miaka sita, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 wasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kutenda, asikariri tu. Mimi sioni umahiri ulio rahisi kupimwa kuliko huu: mpe mtoto jambo alijualo, mpe msomaji asiyelijua, tazama kama msomaji ameelewa. Wala haidai vitabu. Juu ya hayo, mtoto huyu akivuka kwenda sekondari atakuta masomo kwa Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu nami sitauingia leo, ila neno moja nitalisema. Aliyezoea kueleza kwa Kiswahili atatafuta maneno ya Kiingereza ya kuelezea; aliyezoea kunakili kwa Kiswahili atanakili kwa Kiingereza, na huko hatatambua hata anachokinakili.

Mzee wetu Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kitabu kizima kwa ajili ya jambo hili, wakati nchi hii ilikuwa bado chini ya Mwingereza na TANU ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Mwalimu Nyerere, kabla ya kuwa mtu wa siasa, alifundisha Tabora na Pugu, na ualimu haukumtoka. Lichukueni Azimio la Arusha la mwaka 1967, msome tena sehemu ile isemayo ya kuwa fedha si msingi wa maendeleo. Huyaanzi maneno makubwa. Wazo moja huwekwa, sababu yake hufuata, kisha huja mfano wa mtu anayetaka maziwa zaidi na huku hataki ng'ombe wake akamuliwe, mfano ambao mchungaji asiyejua kusoma aliuelewa aliposomewa. Azimio lile lilieleza siasa ngumu kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamekanyaga shule. Halikuwaona wajinga kwa hilo. Liliwaona ni watu wasiolijua jambo bado, na wenye haki ya kuelezwa.

Je, sisi wanachama wa leo? Someni mihtasari ya vikao vya matawi yetu. “Mwenyekiti alifungua kikao. Wajumbe walijadili suala la maji kwa kina. Iliazimiwa lifanyiwe kazi.” Bomba limepasuka wapi? Tangu lini? Kaya ngapi hazipati maji? Fundi alikuja akasema nini? Hayamo. Katibu aliyeandika hivyo si mvivu. Ni yule mtoto wa insha ya faida za kilimo, ameongezeka umri. Na katibu kata atakayepokea muhtasari huo, naye alisoma shule hiyo hiyo, hataona kilichopungua. Vivyo hivyo kazini: mfanyakazi anayejua kabisa kwa nini mashine imeharibika huandika katika taarifa yake ya kuwa mashine ina changamoto, na mkubwa wake hujibu ya kuwa changamoto hiyo itashughulikiwa. Mashine husimama miezi mitatu.

Kwa hiyo wazazi wasidhani ya kuwa nazungumza na walimu tu. Mzazi asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu bora wa aya ya maelezo, kwa sababu kwake mtoto hawezi kujificha nyuma ya maneno ya kitabuni. Jioni, mtoto akitoka shule, mzazi amwambie: nieleze ulichojifunza leo kuhusu mvua. Akieleza, amwulize: kwa nini? Akieleza tena, amwambie: sasa liandike hilo hilo ulilosema, kisha unisomee. Hakuna ada ya kulipa.

Yule ndugu yangu wa lumbesa nilimwambia haya haya kabla ya kuagana pale sokoni. Nilimwomba arudi nyumbani, amketishe binti yake wa darasa la sita, amweleze habari ya debe la saba kama alivyonieleza mimi, na amwachie binti aulize kila asichokielewa. Mwezi uliopita bahasha yake imefika. Ndani mna karatasi moja yenye aya moja, mwandiko ni wa mtoto na sahihi ni ya baba. Imetaja zao. Imetaja gulio na siku ya gulio. Imetaja debe sita na debe la saba, na ile hesabu ya gunia zima linalokwenda bure katika kila magunia sita. Imeeleza kwa nini hawezi kukataa. Chini yake, kwa kalamu nyingine, baba ameongeza ya kuwa binti alimwuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiri: kwa nini wanakijiji wasinunue mzani wao kwa kuchangiana, na ya kuwa shauri hilo litapelekwa katika mkutano wa kijiji.

Aya hiyo tumeipeleka kwa wanaohusika na vipimo. Wameipokea, na wametuuliza jambo moja tu lililosahauliwa, nalo ni tarehe ambayo mnunuzi yule alifika mara ya mwisho. Tumemwandikia binti kumwuliza.